KUFULI, MGENI NA KUNGWI: UHAKIKI WA TASHIBIHA ZA VIMENG'ENYA

Utangulizi

Wasomaji wa jarida hili mmezoea kukuta humu uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi. Leo naomba mnivumilie kidogo. Ninachokihakiki hapa ni tashibiha moja tu, yenye umri wa zaidi ya miaka 130, ambayo karibu kila aliyepita sekondari aliikariri: kwamba kimeng'enya na kile kinachokifanyia kazi ni kama kufuli na ufunguo wake. Mimi mwenyewe niliikariri, nikaiandika kwenye mtihani wa Biolojia, nikapata alama zangu, nikahamia mchepuo wa lugha. Nilidhani tumeagana.

Iliyonirudisha kwake ni balaa la nyumbani. Mjomba wangu, fundi seremala, alikunywa pombe ya magendo ambayo mtu alikuwa ameiongezea spiriti ya kiwandani. Jioni ile alirudi anaimba. Kesho yake mchana akaanza kulalamika kichwa na tumbo. Siku ya tatu alimwuliza mama mbona hawajawasha taa, na wakati huo jua lilikuwa limeshapanda. Yuko hai mpaka leo, lakini haoni.

Nilipokwenda likizo mama aliniuliza swali hili: "Hivi mwanangu, nyinyi mnaosoma, mwili wa mtu si unajua kuchagua? Chakula unachukua, uchafu unatoa. Sasa sumu ile mbona haukuitambua?"

Nilinyamaza. Niliporudi chuoni nikamtafuta rafiki yangu mmoja anayesomea udaktari, akanichorea mambo kwenye daftari, akaniazima vitabu. Baada ya kuvisoma nikaona kuwa swali la mama ni la kihakiki kuliko nilivyodhani, na kwamba fundo lake liko kwenye vitenzi viwili: kuchagua na kutambua. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kimeng'enya kinavyokipata kitu chake kati ya maelfu ya vitu vingine, na papo hapo kuzipima picha ambazo wanasayansi wamezitumia kulieleza jambo hilo. Nitadai kwamba kila picha iliwafungua watu macho upande mmoja ikawafumba upande mwingine, na kwamba swali la mama halijibiki mpaka tuzione pande zote.

Kufuli la Fischer

Kwanza tuwekane sawa kuhusu maneno. Kimeng'enya ni protini inayoharakisha badiliko la kikemia bila yenyewe kwisha. (Viko vichache ambavyo si protini; hivyo tuviache.) Kile kinachobadilishwa wanabiolojia hukiita sabstreti. Mimi nitakiita kitendwa, maana sisi wa upande huu tumezoea habari za mtenda na mtendwa. Jina "kimeng'enya" lenyewe lina picha ndani yake, limetoka kwenye kumeng'enya, kama tunavyosema mmeng'enyo wa chakula. Lakini viko vimeng'enya vingi visivyomeng'enya chochote: vinajenga, vinahamisha, vinapanga upya. Kwa hiyo hata kabla hatujalifikia kufuli, tumeshaingia kwenye lugha ya mafumbo bila kubisha hodi.

Sasa twende Berlin. Mwaka 1894 mkemia wa Kijerumani Emil Fischer alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya sukari. Alikuwa na vitu viwili vilivyotengenezwa kwa glukosi, vyenye viungo vile vile kwa idadi ile ile. Tofauti yao ilikuwa moja tu: upande ambao kipande cha ziada kimeungwa kwenye glukosi. Ni kama milango miwili ya mbao ile ile na kipimo kile kile, mmoja bawaba zimepigwa kulia, mwingine kushoto. Kiungo cha namna ya kwanza huitwa alfa, cha pili beta. Kimeng'enya kilichotoka kwenye hamira kiliivunja alfa kikaiacha beta. Kimeng'enya kilichotoka kwenye lozi kiliivunja beta kikaiacha alfa. Fischer akasema kwamba kimeng'enya na kitendwa chake sharti vichukuane kama kufuli na ufunguo.

Asiyevutiwa na hamira na lozi za Berlin na aangalie sahani yake. Wanga wa ugali ni mnyororo wa glukosi zilizoungwa kwa alfa. Selulosi iliyomo kwenye gunzi la mahindi yale yale nayo ni mnyororo wa glukosi, ila zimeungwa kwa beta. Tafuna ugali polepole bila mboga, baada ya muda utaonja utamu kwa mbali: amilesi ya mate imeanza kuukata ule mnyororo. Sasa tafuna gunzi mpaka kesho uone kama utashiba. Sukari ni ile ile, kilichogeuka ni upande wa bawaba. Hata ng'ombe anayekula mabua hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kazi hiyo, anategemea vijidudu walio tumboni mwake.

Kwa macho ya mhakiki, tashibiha ya Fischer ni kazi ya mtu jasiri. Wakati anaitumia hakuna aliyekuwa amewahi kuona umbo la kimeng'enya. Hata suala la kuwa vimeng'enya ni protini lilikuwa bado ubishi. Ilikuwa mpaka mwaka 1926 ndipo Mmarekani James Sumner alipofanikiwa kukipata kimeng'enya kimoja, yurisi, kikiwa fuwele safi, akaonyesha kuwa ni protini. Fischer alikuwa amekisia umbo la kitu asichokiona kwa kutazama vitu kinavyovikubali na vinavyokataliwa, kama vile sisi tunavyoijua tabia ya mhusika kwa kutazama watu anaokaa nao.

Hata hivyo tashibiha hiyo ina kasoro tatu, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza aliyesoma tamathali za usemi anaweza kuziona. Kwanza, kufuli ni chuma, halijongei. Pili, ufunguo ukitoka kwenye kufuli unatoka vile vile ulivyoingia, wakati kitendwa kinatoka kimekuwa kitu kingine; sasa hapo kifananishi kimelisahau jambo lenyewe ambalo kimeng'enya kipo kwa ajili yake. Tatu, kufuli lina fundi aliyelitengeneza akiwa na ufunguo fulani akilini. Lina nia. Kasoro hii ya tatu ndiyo iliyojificha ndani ya swali la mama, nayo tutairudia.

Kibonde na kilichomo ndani

Kabla ya kulitupa kufuli, tuone lilipokuwa sahihi. Mnyororo mrefu wa protini hujikunja na kujiviringa mpaka ukawa donge, na juu ya donge hilo hubaki mahali palipobonyea. Mahali hapo ndipo kazi inapofanyika. Mimi nitapaita kibonde. Kitendwa kinaingia kwenye kibonde na kushikwa huko, lakini hakishikwi kwa umbo peke yake. Kuna chaji za umeme: chanya inavutwa na hasi. Kuna viungo dhaifu vya hidrojeni vinavyoshikana pale tu vinapokuwa vimeelekeana sawasawa. Kuna na tabia ya vitu vya mafuta kuyakimbia maji na kukimbiliana vyenyewe kwa vyenyewe.

Mfano mzuri ni vimeng'enya vitatu vinavyotoka kwenye kongosho na kukata protini za nyama na maharage tunayokula: tripsini, kaimotripsini na elastesi. Hawa ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukiyaweka maumbo yao juu kwa juu yanakaribia kulingana, na namna ya kukata ni moja. Kinachowatenganisha ni kibonde. Kibonde cha tripsini ni kirefu na chini kabisa kina chaji hasi, basi huvuta lisini na ajinini, asidi-amino ndefu zenye chaji chanya, na hukata baada ya hizo. Cha kaimotripsini ni kipana na hakina chaji hiyo, hupokea asidi-amino nene zenye pete, kama fenilalanini na tairosini. Cha elastesi kimezibwa mlangoni na asidi-amino mbili zilizojitokeza, hivyo huingia vidogo tu, kama alanini.

Mpaka hapo mtu wa kufuli atasema: "Si ndicho nilichosema?" Na kweli. Lakini ngoja. Ikiwa tofauti ya tripsini na kaimotripsini ni ile chaji ya chini ya kibonde, basi tukiibadilisha asidi-amino hiyo moja tutakuwa tumeigeuza tripsini kuwa kaimotripsini. Watu walijaribu, na hawakuipata kaimotripsini, walichopata ni kimeng'enya kilichozubaa. Mwaka 1992 Lizbeth Hedstrom na wenzake walionyesha kwamba ili ugeuzaji ufanikiwe ilibidi kubadilisha pia vitanzi viwili vilivyo juu ya donge la protini, ambavyo havikigusi kabisa kitendwa. Vitanzi hivyo viko mbali, lakini ndivyo vinavyokishikilia kibonde kikae kinavyotakiwa.

Wahakiki wenzangu, jambo hili si geni kwetu. Nani hajawahi kumwona mtu akitoa neno moja kwenye shairi, akapachika jingine "lenye maana ile ile", shairi likafa? Neno linafanya kazi kwa nguvu ya beti ambazo halimo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kufuli halisemi. Ndani ya seli hakuna mtu anayeleta ufunguo. Kuna msongamano wa vitu vinavyogongana ovyo, kila sekunde mara zisizohesabika. Kila kitu kinakigusa kimeng'enya. Kisichochukuana nacho kinaachia mara moja. Kinachochukuana nacho kinakaa kidogo zaidi, na katika huko kukaa kazi inapata nafasi ya kutendeka. Kwa hiyo katika kiwango hiki cha maumbile, "kutambua" maana yake ni kukawia. Tukisema kimeng'enya "kinamjua" mwenzake tunatumia tashihisi, na si vibaya, ilimradi tukumbuke kuwa ni tashihisi.

Mgeni njoo

Mwaka 1958 Mmarekani Daniel Koshland alileta pingamizi ambalo mimi naliona ni la kihakiki hasa, kwa sababu lilianza na swali la kwa nini picha iliyopo haitoshi. Chukua kimeng'enya kiitwacho heksokinesi. Kazi yake ni kuchukua kipande cha fosfati kutoka kwenye ATP, ambayo ni kama akiba ya nishati ya seli, na kukipachika kwenye glukosi. Sehemu ya glukosi inayopokea fosfati ni oksijeni na hidrojeni yake. Sasa maji nayo si yana oksijeni na hidrojeni? Tena maji ni madogo kuliko glukosi na yamejaa kila mahali ndani ya seli. Kufuli linaweza kuukataa ufunguo mkubwa kuliko tundu, lakini litaukataaje ule mdogo? Kama kibonde kingekuwa cha chuma, maji yangeingia kutwa kucha na kupokea fosfati, na akiba yote ya seli ingemwagika bure. Haimwagiki. Bila glukosi, heksokinesi huvunja ATP kwa kasi iliyo chini kwa makumi ya maelfu ya mara.

Jibu la Koshland lilikuwa kwamba kimeng'enya hakiko tayari mpaka kitendwa kifike. Kitendwa kikiingia, kimeng'enya kinajongea, kinajipanga, na hapo ndipo vipande vya kufanyia kazi vinakaa mahali pake. Maji yanaingia, ndiyo, lakini hayana mwili wa kukisukuma kimeng'enya kijifunge. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Thomas Steitz na wenzake walionyesha kwa picha za eksirei jambo hilo hilo: heksokinesi ina pande mbili kama taya, na glukosi ikiingia taya zinafumba.

Tashibiha iliyozoeleka kwa wazo hili ni ya mkono na glavu. Haya, nani kwetu huku anavaa glavu, ukiacha daktari na golikipa? Tungeweza kusema soksi, ambayo haina umbo mpaka mguu uingie. Lakini lugha yetu ina kitu bora zaidi, nacho tumekisema tangu zamani: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapokei mgeni akabaki alivyokuwa. Mkeka unatandikwa, kuku anachinjwa, nyumba inapata sura ambayo jana haikuwa nayo. Na mpita njia anayechungulia na kuondoka, kama maji, hasababishi hayo yote.

Watafiti waliofuata wameongeza kwamba hata kabla ya mgeni, nyumba haikutulia. Kimeng'enya kinatikisika muda wote, kikipita kwenye maumbo mengi, na mara nyingine mgeni anakikuta tayari kiko katika lile linalomfaa, naye anakizuia kisitoke hapo. Wengi sasa wanaona kuwa njia zote mbili zipo, na kimeng'enya kimoja hutofautiana na kingine.

Kungwi

Hapa ndipo nilipokwama kwa wiki mbili. Fikiria kimeng'enya kinachokumbatia kitendwa chake kwa ukamilifu kabisa, kila pembe kwa pembe yake. Je, kitafanya kazi vizuri? La hasha. Kitendwa kitastarehe humo na hakitataka kutoka. Ni kama kutaka kuvunja kijiti kwa kukiweka ndani ya ala iliyochongwa kwa kipimo chake: ala inakilinda kisivunjike!

Mwingereza J. B. S. Haldane aliliona hili mapema. Katika kitabu chake juu ya vimeng'enya cha mwaka 1930 aliichukua tashibiha ya Fischer na kuipinda: ufunguo hauliingii kufuli sawasawa, na ule mkazo ndio unaofanya kazi. Kisha katika miaka ya 1940 Linus Pauling akalisema kwa ukamilifu. Kati ya kitendwa na kitu kinachotokea kuna hali ya katikati, ya muda mfupi mno, ambapo viungo vya zamani vimeanza kukatika na vipya havijakamilika. Hali hiyo ni ngumu kuifikia, ni kama kilele cha mlima kati ya mabonde mawili. Kimeng'enya, alisema Pauling, kimeumbika kuchukuana na hali hiyo ya katikati kuliko kinavyochukuana na kitendwa chenyewe. Kwa kuishikilia ile hali, kinaushusha mlima.

Ushahidi ulikuja kwa njia nyingi. Wakemia walitengeneza vitu tulivu vinavyoiga sura ya hali ya katikati, na vimeng'enya vikavishika kwa nguvu ajabu kuliko vinavyoshika vitendwa vyao. Baadhi ya dawa za hospitali zinafanya kazi kwa njia hiyo. Mwaka 1986 makundi mawili ya watafiti huko California yalichukua kingamwili, protini za kupambana na maradhi ambazo si vimeng'enya kabisa, zilizofinyangika kufuata sura ya mwigo wa hali ya katikati. Kingamwili hizo zikaanza kufanya kazi kama vimeng'enya.

Sasa picha gani itatufaa? Kufuli limeshindwa. Mgeni na mwenyeji nao wanashindwa, kwani mgeni akiaga ni yule yule aliyekuja. Ninapendekeza kungwi. Sote tumesoma jando na unyago kwenye kozi ya fasihi simulizi, na wengine wetu tumepita huko. Kungwi hana kazi na mtoto anayecheza uwanjani, wala hana kazi na mtu mzima aliyekwisha rudi nyumbani. Kazi yake ni ya mwari, yule ambaye si mtoto tena na bado hajawa mtu mzima. Nyimbo zake, mafunzo yake, nyumba yake, vyote vimepangwa kwa ajili ya hali hiyo ya katikati ambayo haidumu. Mtoto anapokelewa kwa sababu atakuwa mwari. Na akishakuwa mtu mzima hana sababu ya kukaa tena pale, anatoka, nafasi inabaki kwa mwingine. Kungwi hajabadilika, kesho anaanza upya.

Mhariri na chekeche mbili

Kuna mahali ambapo hata kungwi hatoshi. Seli inapojenga protini inafuata maandishi ya jeni, na kila asidi-amino inapachikwa kwanza kwenye mbebaji wake na kimeng'enya maalumu. Kimoja hushughulika na isoleusini. Tatizo ni kwamba kuna valini, inayofanana nayo isipokuwa imepungukiwa kaboni moja na hidrojeni mbili. Kwa kuwa ni ndogo, kibonde hakiwezi kuizuia. Pauling alipiga hesabu katika miaka ya 1950 akaona kuwa umbo peke yake lingeruhusu makosa mengi mno. Lakini vipimo vilivyofuata vilionyesha kosa moja tu kwa kama mara 3000.

Mwaka 1977 Alan Fersht alilieleza jambo hilo kwa picha ya chekeche mbili. Kibonde cha kwanza kinazuia vilivyo vikubwa kuliko isoleusini; valini inapenya. Lakini kimeng'enya hicho hicho kina kibonde cha pili, kidogo zaidi, ambamo isoleusini haiingii. Kinachoweza kuingia humo ni valini, na ikiingia inakatwa na kutupwa. Wanasayansi wenyewe wanakiita kibonde hiki cha pili mahali pa uhariri. Nilipoona neno hilo nilicheka peke yangu maktabani. Sisi tunaofuta makosa ya chapa kwenye jarida hili usiku wa manane tuna ndugu zetu ndani ya kila seli, na wao wanasoma mara mbili kuliko sisi.

Swali la mama

Sasa narudi nyumbani. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinachoondoa hidrojeni kwenye alkoholi. Kinashika ile ncha yenye oksijeni, kikisaidiwa na chembe ya zinki iliyomo ndani ya kibonde. Ethanoli, ambayo ndiyo kilevi cha pombe ya kawaida, inageuzwa hapo, kisha inageuzwa tena mpaka mwili unaweza kuitumia. Methanoli iliyomo kwenye spiriti ya kiwandani ina ncha ile ile. Kibonde kinaipokea, kinaifanyia kazi ile ile, na inatoka fomaldehidi, dawa inayohifadhia maiti. Kimeng'enya kinachofuata kinaigeuza kuwa asidi ya fomiki. Hiyo ndiyo inayozuia seli kutumia oksijeni, na mshipa wa fahamu wa jicho ni wa kwanza kuumia. Ndiyo maana mjomba aliimba jioni ile: sumu yenyewe ilikuwa bado haijatengenezwa. Iliyoitengeneza, usiku kucha, ni kazi safi ya ini lake.

Kati ya methanoli na ethanoli kuna tofauti gani? Kaboni moja na hidrojeni mbili. Ni ile ile iliyoko kati ya valini na isoleusini. Kule mwili una mhariri, kwa sababu kosa la valini linaikabili kila seli kila dakika tangu uhai uanze. Huku hauna, maana hakuna babu yetu wa zamani aliyeuziwa spiriti ya kiwandani kwenye chupa ya soda. Novemba 2000 jijini Nairobi watu zaidi ya mia moja walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe ya namna hii. Maini yao yote yalifanya kazi kama ipasavyo.

Rafiki yangu wa udaktari alinieleza na jambo jingine, ambalo lilinikosesha usingizi. Kimeng'enya hicho kinaishika ethanoli kwa nguvu zaidi kuliko methanoli. Kwa hiyo mgonjwa akifikishwa hospitali mapema anaweza kupewa ethanoli kwa kipimo, au dawa nyingine inayokikalia kibonde kile, ili methanoli ikose nafasi na itolewe mwilini kabla haijageuzwa. Ni matibabu ya daktari, mtu asije akajaribu nyumbani kwa chupa. Lakini kinachoniuma ni kwamba siku ile ya kwanza ya maumivu ya kichwa ilikuwa na maana, na sisi tuliipitisha tukisema ni uchovu wa pombe, atapoa. Hatukumpeleka popote.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba picha ya kufuli inafundisha kuchukuana, ya mgeni inafundisha kujongea, ya kungwi inafundisha kugeuka, na ya chekeche inafundisha kusahihisha. Kila moja ina udhaifu wake, na hata kungwi wangu anao: kungwi anajua anachokifanya, kimeng'enya hakijui. Mwalimu anayefundisha moja tu na kuifanya sheria anamnyima mwanafunzi nusu ya jambo. Na sisi wa fasihi tusiseme hayo ni ya wenzetu wa maabara, maana lugha ni shamba letu na tashibiha ni jembe letu. Mwenye picha bora kuliko kungwi ailete, kurasa za jarida zipo.

Likizo iliyofuata nilimjibu mama. Nilimwambia mwili haukuchagua vibaya, kwa sababu hauchagui. Unashika kinachoshikika. Alikuwa anachambua mchele, na mjomba alikuwa amekaa barazani anasikia. Mama akaniuliza: "Kwa hiyo halikuwa kosa la mwili wake?" Nikasema hapana. Akaendelea kuchambua. Baadaye mjomba akaita kutoka barazani, akataka nimweleze tena ile habari ya siku ya kwanza na hospitali, polepole, kwa sababu kuna vijana pale kilingeni anataka waisikie.